Proxmox ndani ya VirtualBox inagoma kuwasha VM: nani kaishika prosesa yako?

"Habari mtaalamu. Nasoma IT chuo mwaka wa pili, nina laptopu ya Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 16, SSD GB 512, Windows 11. Nataka kujifunza Proxmox maana naona kazi nyingi za seva wanataka mtu anayejua mambo ya VM, ila seva sina. Nimeiweka Proxmox ndani ya VirtualBox imekubali, naingia kwenye kurasa zake kwa brauza vizuri tu. Shida nikitengeneza VM ndani yake nikabonyeza Start inaniambia 'KVM virtualisation configured, but not available'. BIOS nimeingia, VT-x ipo Enabled. Kile kiboksi cha Nested VT-x kwenye VirtualBox kimefifia hakitikiki. Rafiki yangu anasema VM ndani ya VM inaunguza prosesa niachane nayo, mwingine anasema bila kununua seva najidanganya. Halafu nilijaribu kontena dogo ndani ya Proxmox likawaka ila halipati intaneti, natumia waifai ya hosteli. Je nipo sahihi au napoteza muda?"

Mkuu, hupotezi muda, na laptopu yako inatosha kabisa kwa unachotaka. Kwa wasomaji wageni: VM ni kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi, VirtualBox na Proxmox ni za kuendeshea VM, kontena ni kama VM nyepesi, VT-x ni uwezo wa prosesa za Intel wa kubeba VM, na KVM ni sehemu ya Linux inayoutumia uwezo huo. Tena umeshafika mbali kuliko unavyodhani, Proxmox kukubali kuwaka na kontena kuwaka ndani yake maana yake karibu kila kitu kipo sawa isipokuwa kimoja, na hicho kimoja hakipo kwenye Proxmox wala kwenye BIOS, kipo kwenye Windows yako. Nitafika hapo, ila ngoja kwanza tulitoe njiani hili la kuunguza prosesa maana limewatisha wengi.

Prosesa haijui kwamba hii ni VM ya ndani na ile ni ya nje, yenyewe inapokea maagizo inatekeleza basi. Ikipata joto sana inajipunguza kasi yenyewe, ikizidi inazima mashine kabla haijaungua. Ukweli uliopo kwenye maneno ya rafiki yako ni mdogo: kazi ya aina hii inaisukuma prosesa zaidi ya kuandika ripoti ya chuo, na laptopu za kizazi cha 8 zilianza kutoka 2017, kwa hiyo feni inaweza kuwa imejaa vumbi na ile pesti ya juu ya prosesa imeshakauka. Kama laptopu inazima ghafla yenyewe ukiipa kazi nzito, hata kuendelea usiendelee, mpelekee fundi unayemwamini aifungue aisafishe abadilishe pesti, halafu ndo urudi kwenye maabara yako.

Na hii kitu ya VM ndani ya VM si ujanja wa mtaani ulioibuka juzi. IBM walitoa VM/370 mwaka 1972 kwa kompyuta zao kubwa, na watu walikuwa wanaendesha VM ndani ya VM kujaribu toleo jipya kabla hawajaligusa lile linalofanya kazi ya kampuni, yaani sababu ileile uliyonayo wewe leo. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika kwa hesabu kabisa masharti ambayo kompyuta ikiyatimiza inaweza kubeba VM, na wakaweka humohumo na suala la kurudia, VM kubeba VM nyingine. Prosesa zetu hizi za x86 hazikutimiza masharti hayo kwa miaka mingi, mpaka Intel walipoleta VT-x mwaka 2005 na AMD wakafuata na AMD-V mwaka 2006.

Sasa twende kwenye ishu yenyewe. Wataalamu wanapanga tabaka kwa majina mafupi: haipavaiza (programu inayoendesha VM) ya chini kabisa inayogusa chuma inaitwa L0, VM iliyo juu yake ni L1, VM iliyo ndani ya hiyo VM ni L2. Wewe unafikiri VirtualBox ndo L0, Proxmox ni L1, na ile VM inayogoma ni L2. Ungekuwa sahihi kama chini ya VirtualBox kungekuwa na Windows ya kawaida.

Jambo la kushika ni kwamba VT-x ina hali mbili tu, ya bosi na ya mgeni, haina hali ya bosi wa pili. Kwa hiyo L2 ikifanya kitu kinachohitaji ruhusa prosesa hairudi kwa L1, inarudi moja kwa moja kwa L0, kila mara. L0 inaangalia, inasema hili si langu ni la L1, inamwamsha L1, L1 inalishughulikia ikidhani yenyewe ndo bosi, kumbe na yenyewe kila ikigusa maagizo ya VT-x inaangukia tena kwa L0. Ni kama mpangaji aliyempangisha mtu chumba kimojawapo cha nyumba aliyopanga, bomba likipasuka chumbani kwa yule wa ndani taarifa inaanzia kwa mwenye nyumba, inateremka kwa mpangaji, na mpangaji kila akitaka kugusa kitu lazima arudi kuomba ruhusa. Safari moja inageuka safari kibao, na hapo ndipo polepole yote inapotokea. Kukokotoa tu hesabu ndani ya L2 kunaenda karibu na kasi ya kawaida kwa sababu hakuombi ruhusa, kinachouma ni diski na mtandao maana hivyo ndo vinagonga mlango kila saa. Kuanzia prosesa za Haswell za 2013 Intel waliweka njia ya mkato inayopunguza hizo safari, na yako ni mpya kuliko hapo kwa hiyo huenda unayo. Watafiti wa IBM kule Haifa walionyesha mwaka 2010 kwamba ikitengenezwa vizuri, kwa kazi za kawaida L2 inaachwa nyuma na VM ya kawaida kwa asilimia 6 mpaka 8 tu. Usitegemee namba hiyo kwenye VirtualBox juu ya laptopu lakini, nakwambia mapema usije ukaona Linux ya Debian inachukua muda mrefu kujiweka ukadhani umekosea mahali.

Kwa hiyo sharti ni moja, kila tabaka lazima likubali kuipitisha VT-x kwenda juu. Tabaka moja likikaa nayo, mnyororo unakatika. BIOS kuwa Enabled kunathibitisha tabaka la chuma tu, hakusemi chochote kuhusu yanayofuata juu yake, na hapa ndo wengi wanabaki wanaingia BIOS na kutoka mpaka usiku.

Kwako anayekaa nayo ni Windows 11. Kwenye mashine nyingi Windows 11 inawasha ulinzi unaoitwa Memory integrity, na ulinzi huo unatumia Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, kwa chinichini hata kama hujawahi kuifungua wala huna toleo la Pro. Ukiweka WSL2 (Linux ndani ya Windows) au Docker Desktop (programu ya kontena), hadithi ni hiyohiyo. Hyper-V ikishaamka inashuka chini kabisa inakuwa L0, na Windows unayoiona kwenye kioo yenyewe inakuwa imekaa juu yake. VirtualBox ikija kuomba VT-x inakuta imeshachukuliwa, haigomi, inakubali kufanya kazi kwa kupitia Hyper-V, lakini kwa njia hiyo haina cha kuipitishia Proxmox. Ndo maana kiboksi kimefifia. Washa VM yako ya Proxmox halafu angalia alama ndogondogo chini kulia kwenye dirisha la VirtualBox, ukiona kobe wa kijani basi mjadala umeisha, huyo kobe anakuambia upo juu ya Hyper-V. Njia nyingine fungua msinfo32 (ukurasa wa taarifa za mfumo wa Windows), shuka mpaka chini, ukikuta maneno 'A hypervisor has been detected' ni jibu lilelile. Na ndani ya Proxmox kwenyewe andika

egrep -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo

ikikupa 0 maana yake VT-x haijafika huko juu. Ikikupa namba yoyote nyingine basi imefika.

Na wala usikimbilie VMware Workstation ukidhani utalikwepa tatizo. Ni programu nzuri, tangu 2024 Broadcom wameifanya ya bure, ila itakuletea 'Virtualized Intel VT-x/EPT is not supported on this platform' kwa sababu ileile. Mchawi ni mmoja.

Njia zipo kama nne, na zina bei tofauti.

Ya kwanza, na kwa mwanafunzi mwenye laptopu yake mwenyewe ndo ningeanza nayo, ni kuizima Hyper-V. Nenda Windows Security, Device security, Core isolation details, zima Memory integrity. Halafu fungua 'Turn Windows features on or off', toa tiki kwenye Hyper-V kama ipo, Virtual Machine Platform, Windows Hypervisor Platform na Windows Sandbox. Mwisho fungua CMD kama admin andika

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

ristati mashine, rudi msinfo32 uone yale maneno yameondoka. Yakiondoka, hakikisha VM ya Proxmox imezimwa kabisa, siyo imelala, kisha kiboksi kitatikika, kikiendelea kujifanya kimefifia fungua CMD kwenye folda ya VirtualBox uandike

VBoxManage modifyvm "pve" --nested-hw-virt on

ukibadilisha pve kuwa jina uliloipa wewe. Hakikisha tu VirtualBox si ya zamani, kwa prosesa za Intel uwezo huu uliingia toleo la 6.1 mwishoni mwa 2019, za AMD zilitangulia mwaka mmoja kwenye 6.0.

Bei yake ni kwamba WSL2 na Docker Desktop vitaacha kufanya kazi mpaka urudishe, na Memory integrity si pambo, inazuia virusi wa aina fulani wasiingie kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo. Mtu anayedaunlodi programu za kukraki kila wiki nisingemshauri aizime. Kurudisha ni rahisi, komandi ileile ila badala ya off unaandika auto, ristati, washa Memory integrity. Na kabla hujagusa chochote angalia kama BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga diski nzima, imewashwa kwenye diski yako, ikiwa imewashwa hakikisha ile rikavari key unayo mahali nje ya laptopu, kwa sababu ukianza kubadilisha vitu vya BIOS na kubuti kuna siku inaweza kuamka ikaidai, na bila hiyo mafaili yako hayafunguki na hakuna fundi wa kukusaidia.

Njia ya pili ni ya kuacha kupigana na Hyper-V ukaitumia yenyewe. Hii inahitaji Windows 11 Pro, Home haina ile Hyper-V kamili. Unaweka Proxmox ndani ya Hyper-V moja kwa moja, unazima VM, unafungua PowerShell kama admin

Set-VMProcessor -VMName pve -ExposeVirtualizationExtensions $true

na RAM yake unaipa namba moja isiyobadilika, usiache Dynamic Memory. Ulinzi wa Windows unabaki, WSL2 inabaki, na kwa Intel uwezo huu upo tangu enzi za Windows Server 2016 kwa hiyo umekomaa. Kama ungekuwa na Pro ningekwambia anza na hii, isipokuwa mtandao wake kwa mtu mgeni unachosha kidogo.

Ya tatu, kuweka Linux pembeni ya Windows au kwenye SSD nyingine na kutumia KVM ya hukohuko. Kwa maoni yangu ndo safi kuliko zote, tangu keneli 4.20 VM ndani ya VM hata kwa Intel inakuja imewashwa yenyewe, unathibitisha kwa cat /sys/module/kvm_intel/parameters/nested ikikupa Y au 1 umemaliza, kisha ile VM ya Proxmox unaipa aina ya CPU inayoitwa host. Lakini kugawa diski ya laptopu yenye kazi zako za chuo ni jambo la kufanya ukiwa na bakapu, siyo usiku wa kuamkia kukabidhi projekti.

Ya nne ndo ya yule rafiki yako wa pili, kununua mashine. Hayupo sahihi kwamba bila seva unajidanganya, ila kuna ukweli kidogo. Huhitaji seva yenyewe. Zile deskitopu ndogo za ofisini zilizotumika, OptiPlex au EliteDesk, zinauzwa madukani sana tu, ukipata yenye nafasi ya kuongeza RAM unaweka Proxmox moja kwa moja kwenye chuma na hata ukitaka klasta, yaani Proxmox kadhaa zinazofanya kazi kama kundi moja, unaweka Proxmox nyingine tatu ndani yake, yaani unarudi palepale kwenye VM ndani ya VM ila chini pametulia. Ukipata hela baadaye sawa, kwa sasa usikope.

Na wakati unaamua, kuna kitu unaweza kufanya leoleo bila kugusa Windows. Kontena za LXC hazihitaji VT-x kabisa maana zinatumia keneli ya Proxmox yenyewe, ndo maana lako liliwaka. Hata ile VM inayogoma, ukiingia Options zake ukaweka 'KVM hardware virtualization' kuwa No itawaka, prosesa itaigizwa kwa programu kwa hiyo itakuwa polepole mpaka ukere, lakini kwa kujifunza menyu, bakapu, diski na yuza na ruhusa zao inatosha kabisa.

RAM sasa, maana GB 16 zinaisha haraka. Windows iachie kama GB 5, Proxmox moja mpe GB 8 na kori 4, usimpe zote ukadhani unamsaidia, L0 ikikosa pumzi wote juu wanakwama. Ndani usiweke Windows, weka Alpine, Linux ndogo ambayo MB 512 zinaitosha, utapata VM za kuchezea za kutosha. Ukitaka klasta weka Proxmox tatu za GB 3 kila moja, tatu siyo mbili, kwa sababu klasta inahitaji zaidi ya nusu ya kura ili iendelee kufanya maamuzi, zikiwa mbili ikazimwa moja ile iliyobaki inakosa kwaramu, yaani hiyo idadi ya kura, na inakataa hata kuwasha VM mpya. Zima moja makusudi uone nini kinatokea, somo hilo kwenye seva ya watu hawatakuruhusu ujaribu. ESXi ya VMware, haipavaiza nyingine ya seva, sahau kwa laptopu hii, toleo la 8 linataka GB 8 peke yake kabla hujaweka chochote, ingawa ile ya bure waliyoiondoa mwanzoni mwa 2024 waliirudisha 2025.

Intaneti ya kontena lako ni tatizo jingine kabisa, halihusiani na VT-x. Nina hakika umeweka Bridged, yaani VM kuingia mtandaoni kama kifaa kinachojitegemea, juu ya waifai. Waifai ya kawaida inapokea pakiti za MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ile iliyojiunga tu, sasa kontena lako linakuja na MAC yake ambayo akses pointi haijawahi kuiona, inatupwa. Hosteli nyingi juu ya hapo zina ule ukurasa wa kulogini unaokumbuka kifaa kimoja kimoja. Achana na Bridged. Tengeneza NAT Network (VM zinatoka mtandaoni kwa kupitia laptopu) kwenye VirtualBox, iunganishe Proxmox hapo, na kwenye setingi za adapta yake Promiscuous Mode weka Allow All, bila hiyo swichi ya VirtualBox haitapeleka pakiti za MAC zisizo za Proxmox yenyewe na utarudi palepale. IP ya Proxmox itabidi uibadilishe iendane na mtandao huo mpya, halafu fanya port forwadi ya 8006 ili uendelee kuingia kwa brauza ya Windows. Waifai ya hosteli itaona laptopu moja tu. Kwa wale wa njia ya Hyper-V kinachofanana na Allow All kinaitwa MAC address spoofing, kipo kwenye setingi za adapta ya VM, kitiki.

Vitu vingine viwili vya kujihadhari. Usipige snapshoti (kuhifadhi hali ya VM ilivyo muda huo) au kuilaza Proxmox wakati VM za ndani zinakimbia, zizime kwanza za ndani halafu yenyewe, ukifunika tu laptopu ukaondoka siku moja utakuta diski ya ndani imeharibika. Na usiweke humo kitu ambacho ukikipoteza utalia, wala usitoe hukumu ya kasi ya diski au ya ZFS (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) kwa kuangalia maabara hii, maana unapima tabaka tatu kwa pamoja. Vitu kama kadi za RAID, kadi halisi za mtandao na kumpa VM kifaa cha PCI moja kwa moja hutavijifunzia hapa, hivyo vinasubiri chuma. Mengine yote, kuweka, kuhamisha VM ikiwa hewani toka nodi moja kwenda nyingine, bakapu na kurudisha, kuvunja klasta na kuiinua, yanafanana na ya kazini.

Kama hiyo laptopu ni ya ofisi au umeazimwa, usifanye hata hatua moja ya kuzima Hyper-V, nenda kwa watu wa IT wao ana kwa ana uwaeleze unachotaka, mara nyingi ulinzi umefungwa kwa makusudi na ukiulazimisha utajieleza. Hata ikiwa ni yako, ukiona umezima kila kitu na msinfo32 bado inasema kuna haipavaiza, au BIOS inadai paswedi usiyoijua kwa sababu ulinunua mtumba, hapo mtafute mtu aikae nayo mezani, hayo si ya kuongozana kwa maandishi. Yakikukwama ya kawaida niandikie tena, ila niwekee na vitu vitatu: zile komandi mbili, egrep ndani ya Proxmox na VBoxManage --version, zimekujibu nini, na kama kobe bado yupo.